Ncha ya Pili ya Uzi

Kinole, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Beata,

Salamu za kwenye karatasi naziacha, maana tumeshinda wote jikoni tangu asubuhi, na hivi ninavyoandika bado nasikia ndala zako zikishuka njia ya kwa Bibi. Najua hatakuachia upesi. Atakushika kichwa akuombee kwa Kiluguru, atakupa magome ya mdalasini uwapelekee walimu wako, atakuhesabia ukoo mzima mpaka jua lizame. Basi nina nafasi. Barua hii nitakupa mkononi ukirudi, na nataka uisome leo hii hii, kabla hujapanda gari kesho.

Mambo ya chandarua na kuchemsha maji baba yako amekwambia mara tatu, mara ya nne akayaandika nyuma ya bahasha. Mimi siyarudii. Niliishia darasa la nne, halafu jikoni kwa masista, na maneno ya chuoni sina. Nina jambo moja tu, nalo nimelikalia miaka kumi na miwili.

Jumapili ya wiki mbili zilizopita, baada ya misa, ulikuwa umekaa na baba yako pale nje kwenye gogo. Hukujua kwamba niko nyuma ya ukuta nachagua mchele. Nilikusikia ukimwambia, "Baba, nitakwenda kwa sababu umetaka. Ila Noeli narudi, na nikirudi ndiyo basi, chuoni sirudi tena."

Baba yako akasema, "Mama wee, chuo cha uuguzi si gulio la Mkuyuni, uende ukirudi unavyojisikia. Wenzako wameikosa nafasi hiyo wakalia."

"Sasa nani atashika uzi na Kalista?"

Baba yako akainuka kwenye gogo. Mchele ukanimwagika wote chini.

Ndiyo maana naandika. Na naandika kama kwa mtu asiyejua lolote, kwa sababu dada yako Kalista alipotutoka ulikuwa na miaka sita, na mengi unayoyakumbuka ni yale niliyokukumbusha mimi. Leo nataka uyapate yalivyokuwa.

Keki hii tunayoipasua kwa uzi niliijulia misheni, nikiwa msichana. Sista wa jikoni alikuwa mzungu mfupi, mkali kama pilipili, lakini kwenye keki alikuwa mpole. Alinifundisha kupiga mayai na sukari mpaka yawe meupe na mazito, kumwaga unga kidogo kidogo, kuweka sufuria juu ya mchanga wa moto na makaa juu ya mfuniko, moto chini, moto juu. Alinifundisha jemu ya mananasi na gome la mdalasini. Na keki ikishapoa alinifundisha kuipasua katikati ili jemu iingie, kwa uzi wa cherehani uliokunjwa mara mbili. Alisema kisu kinaibomoa keki, uzi unaiheshimu.

Sikiliza vizuri hapa, Beata. Sista aliipasua peke yake. Alizungusha uzi kwenye kiuno cha keki, akapishanisha ncha mbili mbele yake kama anayefunga kifurushi, akavuta mkono huu na mkono huu. Basi. Kazi ya mtu mmoja. Sikupata kukuonyesha hilo, wala dada yako sikumwonyesha.

Hii ya watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, niliitunga mimi kwa kuchoka na makelele yenu. Kalista ana miaka sita, wewe mitatu, kila mmoja anataka kukata. "Mimi mkubwa!" "Wewe ulikata juzi!" "Sikukata, nilikata vibaya!" Nikasema haya, kila mtu ashike ncha yake, mvute pamoja mkifika Amina ya Salamu Maria, atakayevuta kabla halambi mwiko. Meza yetu wakati ule ilikuwa imebanwa ukutani. Kalista alikuwa mwembamba, ndiye peke yake aliyeweza kupenya kati ya meza na ukuta, basi upande ule ukawa wake. Alikuwa anasimama pale kifua kikigusa meza, ananuna kama padre kwenye kipaimara, na vidole vyake tayari vina jemu kabla hata keki haijapasuliwa. Hilo la vidole sikuweza kulikomesha.

Halafu ikaja miaka ya foleni. Unga wa ngano ukawa kitu cha kusimuliwa. Tulioka kwa unga wa muhogo na ndizi mbivu, keki ikatoka kama tofali, na bado mliipasua kwa uzi mkicheka, uzi ukakatika. Kisha ghafla maduka ya mjini yakaanza kujaa. Mwezi ule wa Desemba baba yako akaja likizo kutoka kiwandani Morogoro amebeba unga wa ngano mweupe, sukari, na siagi ya kopo. Kalista aliingiza uso mzima kwenye mfuko wa unga. Akautoa, kope nyeupe, akasema, "Mama, nimekuwa mzungu wako wa misheni." Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mkesha wa Noeli tukaoka. Baba yako alikuwa ameshuka Mkuyuni tangu asubuhi kutafuta nyama. Kazi ya Kalista ilikuwa kupiga mayai na kuhesabu mpaka mia tatu. Alipofika mia mbili akaacha. Akasema, "Mama, kichwa."

Nikamwambia, "Malizia mia."

Akamalizia.

Mchanganyiko ukaingia kwenye sufuria, nikapanga makaa juu ya mfuniko, naye akaja kukaa karibu na jiko. Akasogea zaidi. Akasema anasikia baridi. Jasho linanitoka mimi niliye mbali na moto, mtoto yuko juu ya moto na anasikia baridi. Beata, nilijua. Mama yeyote wa huku milimani angejua. Nikamgusa, nikajua zaidi. Nikamwambia, "Vumilia, keki iive kwanza, ndipo tushuke zahanati."

Ukiondoa makaa kabla ya saa yake, keki inalala na haiinuki tena. Ulikuwa unga wa kwanza baada ya miaka yote ile. Hiyo ndiyo sababu yangu. Nimeigeuza miaka kumi na miwili nikitafuta sababu nyingine nyuma yake, na hakuna.

Nikiwa nageuza makaa walipita wanawake wawili na matenga ya machenza wakielekea Mkuyuni. Wakanisalimu mlangoni, nikaitikia, wakasifu harufu. Mvua ikaanza. Keki ikaiva, nzuri kuliko zote nilizopata kuoka. Nikaifunika kwa ungo, nikakuacha wewe kwa Bibi, nikamfunga dada yako mgongoni kwa kitenge na kushuka naye.

Tulipofika mtoni daraja la magogo halikuwepo. Maji mekundu yanapita na matawi. Ng'ambo ya pili walikuwa wale wanawake wawili na matenga yao, wamesimama wananitazama. Mmoja akapiga kelele, "Limeondoka sasa hivi! Sasa hivi tu, tumelikanyaga!"

Unaelewa, mwanangu. Wale ni walionisalimu mlangoni.

Alipata degedege mgongoni kwangu. Halafu akatulia. Nilidhani amelala, nikamshukuru Mungu kwamba amelala.

Kwa baba yako nilisema tulitoka nyumbani mara tu alipolalamika kichwa. Kwa Bibi nilisema hivyo, kwa padre wa wakati ule, kwa kila aliyekuja kwenye msiba. Watu wakalilaani daraja.

Sasa nakuja kwenye uzi.

Siku tuliyomzika, nyumba ilikuwa imejaa watu, wote uani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka mlangoni pa jikoni, katikati ya wanawake, wananishika mabega. Hakuna aliyekuwa akikuangalia wewe. Nikasikia unaniita kutoka jikoni, sauti ya kawaida kabisa, kama siku zote. Nikainuka. Keki ile ilikuwa mezani, ungo umewekwa pembeni. Ilikuwa imepasuliwa. Imepasuliwa sawasawa pande zote, hakuna lililobomoka. Wewe umesimama upande wako na ncha moja ya uzi mkononi, na ncha ya pili imelala juu ya meza imeelekea ukutani, imenyooka.

Nikauliza, "Nani amekata?"

Ukasema, "Mimi na Dada."

"Dada gani?"

Ukanitazama kama mjinga. "Mama, mimi nina dada wangapi?"

Nilikuuliza tena na tena siku zile, kwa upole na kwa ukali. Kama ulipishanisha ncha mwenyewe, kama mtoto mwingine aliingia. Ulinionyesha ulivyoshika: mkono mmoja, ncha moja. Nafasi kati ya meza na ukuta nilijaribu kuingia, haikunipokea hata paja. Huenda mtoto mwingine alipenya akatoka. Nilijilazimisha kuamini hivyo. Lakini nilikuwa nimekaa mlangoni, na mlango ni mmoja.

Bibi yako aliposikia, hakushangaa hata kidogo. Alisema mtoto anadai, ipikwe pombe, waitwe wajomba, apelekewe kaburini, mambo ya ukoo yaishe. Mimi mkristo wa jikoni kwa masista nikamkatalia mama yangu mzazi kwa maneno makali. Nikamwambia nyumba yangu haina tambiko.

Noeli iliyofuata ulitaka keki, tukaoka. Ukazungusha uzi, ukaitupa ncha ya pili upande wa ukutani, ukasali, ukasubiri. Ukasema, "Dada, vuta." Ukasubiri. "Dada, tumeshafika Amina." Sitasahau ulivyosimama. Hakikutokea kitu. Ukaiacha keki nzima mezani, hakuna aliyeigusa. Baada ya hapo ukaacha kula. Ukawa unaketi mtoni pale palipokuwa na daraja, unarudi miguu ina matope, hutaki kusema. Mbavu zikaanza kuonekana. Baba yako akaniambia, "Mama Kalista, fanya chochote. Huyu naye anakwenda."

Nikafanya.

Nilioka nyingine kabla ya Kwaresima. Nikaisogeza meza kutoka ukutani, ukaniuliza kwa nini, nikasema kuna panya. Nikakwambia marehemu hawapendi kutazamwa, kwa hiyo fumba macho, usifumbue mpaka baada ya Amina. Maneno hayo hayako kwenye katekisimu yoyote, niliyatunga mimi nikiwa nakoroga jemu. Ukafumba. Nikavua ndala, nikapita nyuma ya meza, nikashika ncha ya pili, na tulipofika Amina nikavuta.

Ulipofumbua macho ulicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Siku ile ulikula vipande vitatu.

Ni mimi, Beata. Mwaka ule, na uliofuata, na mingine yote. Noeli, Pasaka, siku ya marehemu wote. Mkono uliokuwa unauvuta uzi ni wangu. Nakuomba usome mstari huo mara mbili, hata kama unataka kuichana karatasi.

Ningeacha ulipopona, ningekuwa na kosa dogo. Sikuacha, kwa sababu nilianza kupenda. Ukifumba macho nami nikashika, ilikuwa kama watoto wangu bado ni wawili. Halafu nikapenda na lingine. Ulipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, ukasema huendi, utasoma ya kutwa hapa hapa ili Dada asikute nyumba haina mtu. Watu wakasema mtoto gani huyu ana moyo wa dhahabu. Mimi nilijua nani ameutia moyo huo minyororo, na bado nilifurahi kwamba hutaondoka. Shangazi yako alipotaka ukae naye Dar es Salaam, sikusema hapana. Nilioka keki tu wiki ile. Ukasema hapana wewe mwenyewe.

Unakumbuka baba yako alipopunguzwa kazi, kiwanda kilipofungwa, akarudi na vitu vyake na lile kopo la jemu nyekundu ya ng'ambo, limechorwa tunda ambalo hatujapata kulila? Alidhani atatufurahisha. Ukaionja, ukaifunika. Ukasema, "Dada hataijua hii. Atadhani tumehama." Baba yako akatoka nje. Mimi nikajiambia, mama, umefanya nini.

Bibi yako ndiye pekee aliyenishika. Aliingia siku moja kuomba chumvi, akanikuta nimesimama nyuma ya meza bila ndala, uzi mkononi, wewe umefumba macho. Hakusema neno mbele yako. Uani akanivuta kanga. "Pombe ya wazee wako uliikataa, ukaniita mpagani. Na wewe hii ni nini? Unamtambikia mtoto kwa keki ya wazungu, na padre wake ni wewe!" Nikamwambia, mama, nyamaza. Akasema, "Nanyamaza. Lakini mimi nilitaka kumsindikiza aende. Wewe unamwita."

Sikulala vizuri tangu siku ile, kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu ya jambo ambalo sijamwambia mtu. Ulipokuwa kidato cha pili, siku ya marehemu wote, ulifumba macho, nikapita nyuma ya meza kama kawaida. Nikainama kushika ncha yangu. Ilikuwa imelowa. Nikaangalia vidole vyangu: jemu. Keki ilikuwa bado nzima, jemu iko kwenye bakuli chini ya kitambaa upande wa pili wa jiko, na uzi nilikuwa nimeukata mpya dakika ile ile kwenye kibiringo. Nilivuta kwa vidole vinavyonata. Ulipofumbua macho ukasema, "Leo amevuta polepole." Nikasema amechoka.

Basi Jumamosi iliyopita, baada ya kusikia uliyomwambia baba yako, nilikwenda kuungama. Miaka yote nilikuwa naungama masengenyo na uvivu wa sala. Hili nililiacha nje ya mlango kama mtu anayeacha mwavuli. Safari hii niliingia nalo. Aliyosema padre ni yangu, ila aliniuliza swali moja ambalo nakupa na wewe: "Na mtoto mwenyewe anajua?"

Nikaanza na baba yako. Nilimwambia juzi, shambani kwenye migomba, yote, keki kwanza na mtoto baadaye, wale wanawake na machenza. Nilidhani atanipiga, ingawa hajapata kunipiga. Alikaa chini. Muda mrefu alikuwa anachambua jani kavu la mgomba, anatoa uzi mmoja mmoja. Kisha akasema, "Miaka yote hii nimelichukia daraja." Akainuka akaendelea kukata magugu. Jioni alikula chakula changu. Sijui bado kama amenisamehe, na sikumuuliza.

Barua hii niliianza kichwani tangu juzi hiyo, na ilikuwa fupi. Ilikuwa inasema: mwanangu, ni mimi niliyekuwa navuta, hakuna mtu pale, nenda zako kwa amani. Nilikuwa nimeipanga mpaka koma zake.

Halafu ikaja leo mchana.

Ulipotaka tuoke ya kuagana, nilijiwekea nadhiri kwamba sitashika. Uzi usiposogea ndipo nitakwambia, papo hapo, uso kwa uso. Na kwa sababu siuamini mkono wangu, wewe ulipokwenda kuchuma mananasi niliirudisha meza ukutani, ikabana kama zamani, nisiweze kupita hata nikitaka. Uliona. Ukauliza, "Panya wameisha?" Nikasema wameisha.

Uliifumba mikono, ukafumba macho. Mtu mzima sasa, mrefu, umejitanda kanga yangu. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, rozari nimeizungusha kwenye mikono yote miwili kama pingu. Nilikuwa nautazama ule uzi. Ulilala juu ya meza, ncha ya pili imening'inia kidogo kwenye ufa wa ukutani. Ukaanza Salamu Maria. Nikaitikia, na nilisikia sauti yangu inatoka mbali.

Kwenye "utuombee" ile ncha iliinuka.

Haikuruka. Iliinuka taratibu, kama inavyoinuka pale mtu mwangalifu anapoiokota, ikasimama hewani. Haikuwa juu, Beata. Ilikuwa kimo cha kifua cha mtoto wa miaka tisa. Ikangoja. Ulisema Amina, uzi ukakaza pande zote mbili, ukapita kwenye keki bila chembe kuanguka. Kisha ncha ile ikashushwa mezani, ikalazwa vizuri, kama nilivyomfundisha, asitupe vitu.

Ulifumbua macho ukaniuliza kwa nini nimefunga mikono kwa rozari. Nikasema naomba safari yako iwe njema. Ukapaka jemu, ukanikatia kipande, nikakila. Kilikuwa na utamu wake wa siku zote. Nikakuangalia unavyokula, na upande wa pili wa meza palikuwa na ukimya wa mtu aliyemo chumbani.

Sasa siwezi kukuandikia kwamba hakuna mtu pale. Ningekuwa nakudanganya mara ya pili, kwa uongo wa upande mwingine. Nakuandikia ninachokijua kwa macho. Miaka yote ya katikati ni mimi. Ile ya kwanza na hii ya leo, si mimi. Zaidi ya hapo sijui, nami nimeacha kujidai najua. Pengine ni Mungu ananionyesha ubaya wa mchezo wangu. Pengine macho ya mama mwenye hatia yanaona yanayotaka. Pengine ni yeye. Kanisa linatufundisha kuwaombea, halikutufundisha kuwashikisha uzi.

Lakini tuseme ni yeye. Nimelifikiri hilo tangu mchana, nikiosha vyombo, na nimeona kitu ambacho ilinipasa kukiona zamani. Kama Kalista yuko, basi yuko na miaka tisa. Wewe umemzidi. Umekuwa mkubwa kwa ajili yake, ukambebea utoto wake mpaka ukasahau kwamba wewe ndiye uliyezaliwa nyuma. Nani alikupa kazi hiyo? Mimi. Mtoto wa miaka tisa haachiwi mdogo wake amlee. Ana mama. Nilimwambia asubiri, akasubiri, na kama bado anasubiri, anayesubiriwa ni mimi. Hakuja kwako. Wewe ulikuwa umeshika tu ncha iliyokuwa wazi.

Kwa hiyo nenda, Beata. Nenda nzima, usiache mguu mmoja hapa. Utawashika wagonjwa wengi. Mtoto akikwambia kichwa, acha unachokifanya, hata kiwe kizuri namna gani, hata kiwe cha mwisho duniani. Hilo ndilo somo langu lote, na nimelilipia. Na huko uendako ukipata unga na makaa, oka, usiogope. Zungusha uzi, pishanisha ncha mbele yako, shika zote mbili wewe mwenyewe, vuta. Itapasuka sawasawa. Wape wenzako wa bwenini, kula ucheke.

Bibi yako nitamfuata kesho baada ya gari lako kuondoka. Nitamwomba radhi, na nitamuuliza yeye na padre, wote wawili, mtoto anasindikizwaje. Nitafanya watakachosema, hata wasipokubaliana.

Na Noeli hii usije. Najua mama hasemi hivyo kwa mwanawe, na nimeandika maneno hayo mara mbili nikayafuta mara moja. Usije. Nitaoka mwenyewe, meza ikiwa ukutani, na nitasimama mahali pako. Ncha moja nitashika. Sitafumba macho. Ikiinuka ile nyingine, nitamwambia Kalista kwamba keki nimeiacha motoni, na kwamba tunaondoka sasa hivi.

Ni mimi,
Mama yako